Shajara ya mradi: mtihani wa mikanda tulioutunga wenyewe, Moshi

Jumamosi, 3 Mei 2025. Tunaanzia wapi

Klabu yetu ni ya karate ya Shotokan, hapa Moshi mjini. Mazoezi ni jioni, watoto wanatangulia, watu wazima wanafuata. Kwa miaka mingi mtihani wa mikanda ulikuwa unamsubiri mtahini kutoka Dar es Salaam. Nauli yake, malazi na chakula vinagawanywa kwa watahiniwa, na idadi ikiwa ndogo safari inaahirishwa. Yuko mama mmoja kwenye kundi la watu wazima ambaye mkanda wake mweupe umeshakuwa rangi ya chai ya maziwa kwa kungoja.

Sensei (mwalimu) wetu ana dan, yaani ngazi ya mkanda mweusi, ya tatu, na kibali cha kupandisha kyu, yaani ngazi za chini ya mkanda mweusi, hadi zambarau. Kahawia na mweusi vinabaki mikononi mwa chama, na hapo hatugusi. Ameamua kuanzia sasa tufanye wenyewe. Kazi ya kuandaa imeniangukia mimi, sempai (mwanafunzi wa muda mrefu) ninayeshika daftari la mahudhurio: mtaala, karatasi za alama, mikanda, ukumbi, fedha. Nitaandika hapa kila hatua ikimalizika, ili klabu ya Himo, Arusha au kwingine ichukue inachokitaka.

Tarehe tumeshaipanga: 28 Juni. Shule zitakuwa zimefunga na wa bweni watakuwa nyumbani.

17 Mei. Mtaala

Mtihani wa Shotokan una sehemu tatu, na hapo hakuna wa kubishana: kihon (mbinu za msingi, mtu peke yake), kata (mfululizo wa miondoko iliyopangwa), na kumite (kupambana na mwenzako). Mabishano yote ni kiasi gani kwa rangi gani. Rangi zenyewe hutofautiana kutoka chama hadi chama. Kwetu ni nyeupe, njano, chungwa, kijani, zambarau, kahawia, nyeusi. Safari hii tunapima ngazi tatu tu:

Mweupe kwenda njano: oi-zuki (ngumi ya kupiga hatua), age uke (kinga ya juu), gedan barai (kinga ya chini) na mae geri (teke la mbele), kwenda mbele na kurudi nyuma, kata ya Heian Shodan yenye miondoko 21, gohon kumite, yaani mashambulizi matano yaliyotangazwa.

Njano kwenda chungwa: yale yale pamoja na shuto uke (kinga ya ukingo wa kiganja) katika kokutsu dachi (mkao wa uzito mguu wa nyuma), Heian Nidan, miondoko 26, gohon kumite ya juu na ya katikati.

Chungwa kwenda kijani: mbinu mbili zikifuatana, Heian Sandan, miondoko 20, kihon ippon kumite, shambulizi moja na jibu moja.

Kata za Heian zilitungwa na Itosu Anko kwa ajili ya wanafunzi wa shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo zinapangika kwa ngazi bila kulazimishwa. Hii sehemu iliandikwa jioni moja.

Iliyochukua muda ni pushapu. Mtihani wa zamani ulifunguliwa kwa pushapu 50, za watoto zikipunguzwa. Mimi nilitaka ziondoke kabisa: mtu ambaye mikono inatetemeka huwezi kumpima ngumi, unampima uchovu. Wakongwe wakaja juu. "Mkanda bila jasho? Basi tuuze dukani." Suluhu ya sensei ni kwamba pushapu zinahamia darasani, wiki mbili kabla ya mtihani, kama sharti la kuandikishwa, pamoja na mahudhurio ya miezi mitatu na kujua mtiririko wa kata yako bila kuongozwa. Asiyetimiza haitwi. Hilo la mwisho naliona kubwa kuliko yote, maana kazi ya kumkataa mtu asiye tayari inafanyika mapema, kimyakimya, na siyo siku ambayo bibi yake amekuja na kanga mpya kumwangalia.

31 Mei. Kuwapima watahini

Watahini watakuwa watatu: sensei, mimi, na sempai mwenzetu wa Arusha mwenye dan ya kwanza. Huyu tumemwita makusudi kwa sababu hawajui wanafunzi wetu wala wazazi wao.

Kabla ya kumpima mwanafunzi yeyote, tulijaribu kipimo chenyewe. Mikanda ya kijani waliojitolea walipiga Heian Shodan, kata wanayoifahamu usingizini, na kila mtahini akatoa alama kati ya 10 bila kuchungulia ya jirani. Msichana mmoja alipata 8, 6 na 4, kwa kata ile ile, dakika ile ile.

Tukaulizana. Aliyetoa 8 alikuwa anatazama nguvu na kiai (ukelele wa kupigia). Na kweli, kiai ya yule msichana inatikisa madirisha. Aliyetoa 4 alikuwa anatazama mguu wa nyuma: kila oi-zuki kisigino kinanyanyuka, na mkono unaorudi unaishia kwenye mbavu badala ya kufika nyongani. Wa 6 alitazama mwisho wa kata. Heian Shodan hukurudisha pale ulipoanzia, na msichana alimalizia hatua moja na nusu mbele. Wote watatu waliona kweli, ila kila mmoja aliona kitu chake. Mtoto angefeli au kufaulu kutegemea nani amekaa kiti kipi.

Tiba ya kwanza haikufaa. Niliandika karatasi ndefu yenye maelezo ya kila kosa, mistari 14 kwa kila mtahiniwa. Kata yenyewe haimalizi dakika. Tulipoijaribu, watahini walikuwa wanasoma karatasi huku mtu anapiga ngumi mbele yao.

Tiba ya pili ndiyo tunayoitumia. Alama za 10 zimefutwa. Kuna vipengele vitano tu: mkao, nyonga na mkono unaorudi, mtiririko, nguvu inayokata mwishoni pamoja na kiai, na mstari wa kata. Kila kimoja kina majibu matatu: *bado*, *imekaa*, *imara*. Halafu tukagawana macho. Mtahini mmoja anatazama kuanzia mkanda kwenda chini, mwingine kuanzia mkanda kwenda juu, wa tatu anatazama mtiririko, mstari na mtu mzima kwa ujumla. "Bado" mbili katika sehemu moja, sehemu hiyo haijapita. Aliyesahau kata anaruhusiwa kuanza upya mara moja bila adhabu.

Wale wale wa mkanda wa kijani wakarudia. Yule msichana alipata "imara" ya nguvu, "bado" ya mkao na "bado" ya mstari. Angekuwa mtahiniwa asingepita, na angejua ni wapi. Alicheka, akasema, "Sempai, kumbe mimi ni kelele tu."

7 Juni. Mikanda

Kuagiza Dar ni shilingi 12,000 kwa mkanda pamoja na kusafirisha. Tukaenda kwa fundi cherehani anayekaa barazani karibu na soko la Mbuyuni, mtu mvumilivu sana, tukampa mkanda wa zamani aufumue aone ulivyotengenezwa.

Sampuli ya kwanza ilishonwa kwa pamba laini ya kijani, ndani kikawekwa kile kitambaa kigumu cha kola. Ilipendeza mkononi. Kiunoni ilijisokota kama kamba na fundo likafunguka mtu akipiga teke la pili. Tena nikailoweka usiku kucha kwenye beseni la sabuni ya unga pamoja na kipande cha gi (vazi la karate) kuukuu. Asubuhi kipande kile kilikuwa kijani. Fikiria mama aliyenunua gi ya 45,000 akikuta hivyo.

Fundi mwenyewe ndiye aliyetoa jibu: tumia kitambaa cha sare za shule, maana kile kimetengenezwa kifuliwe kila wiki na mtoto asiyejua kufua. Kijani kilipatikana hapo hapo. Njano na chungwa havipo kwenye sare, lakini vipo kwenye kitambaa cha ovaroli. Ndani tumeweka ukanda wa turubai jepesi. Upana ni sentimita 4, mishono minane ya kwenda sambamba, urefu mita 2.2 kwa watoto wadogo hadi 2.8 kwa watu wazima, na mita 3 kwa mzee mmoja mwenye kitambi ambaye amesema niandike hivyo hivyo. Sindano ya kawaida ilivunjika kwenye turubai. Namba 18 inapita bila shida. Jaribio la beseni limerudiwa kwa rangi zote tatu na maji yamebaki safi.

Bei ni 5,000 kwa mkanda. Sampuli zilizoharibika zimekula 18,000, na hizo tumemlipa fundi, kwa sababu muda wake ni muda wake.

14 Juni. Kikao cha wazazi

Ada: watoto 10,000, watu wazima 15,000. Ada ni ya mtihani. Mkanda unalipiwa baadaye, na aliyefaulu tu. Zamani vyote vilikuwa kwenye bahasha moja, ndiyo maana ilionekana kama umelipia mkanda tayari, na aliyefeli alionekana ameibiwa. Kutenganisha kulimaliza robo tatu ya maswali.

Robo iliyobaki aliileta baba mmoja: "Sensei, hizi rangi ni za nini hasa? Si mpange tu weupe na weusi?" Sensei alimjibu kwa upole kwamba hivyo ndivyo ilivyoanza. Kano Jigoro alianzisha Kodokan, shule ya judo, mwaka 1882 na mwaka uliofuata akatoa dan za kwanza za judo. Karate iliazima utaratibu huo baadaye. Funakoshi Gichin, mwasisi wa Shotokan, alitoa dan zake za kwanza mwaka 1924. Rangi nyingi za ngazi za chini zinahusishwa na Kawaishi Mikinosuke, aliyefundisha judo Paris miaka ya 1930, ambako wanafunzi walihitaji kuona wanasogea. "Na wako pia anahitaji kuona," alisema. Baba akakubali, ila akauliza kama kuna punguzo kwa wenye watoto watatu. Lipo sasa: wa tatu analipa nusu. Safari hii wa kwake wanaofanya mtihani ni wawili, kwa hiyo halikutumika.

Kingine kilichotoka kikaoni ni utepe. Baadhi ya mama walihofia watoto wa miaka saba na minane kurudi nyumbani mikono mitupu. Tumechukua wazo la jiu-jitsu ya Brazili, ambako mkanda hubandikwa vipande vya utepe kabla ya kubadilisha rangi. Mtoto aliyepita sehemu mbili kati ya tatu anapata utepe mmoja kwenye mkanda wake wa zamani, na mtihani ujao atafanya sehemu iliyobaki peke yake. Wakongwe hawajafurahi. Mimi nimefurahi, maana kinachoonekana kwenye mkanda kinalingana na kilichoandikwa kwenye karatasi.

28 Juni. Siku yenyewe

Watahiniwa 23, watoto 16 na watu wazima 7. Saa 2 asubuhi wingu zito, baridi ya Juni, mlima hauonekani. Ukumbi wa kukodi una vigae, na vigae vilikuwa na vumbi laini la wiki nzima. Binti wa kwanza kupasha mwili aliteleza akakaa chini. Tulituma mtu akanunue mopu mbili na ndoo, sakafu ikapigwa mara mbili na kukaushwa. Tulianza saa 3 kasoro.

Kihon ilienda kwa makundi ya rangi, haina habari.

Kata ndipo kwenye habari. Tulikuwa tunapitisha wawili wawili ili kuokoa muda. Baada ya age uke ya tatu na kiai, Heian Shodan inataka mguu wa kushoto uzunguke kwa nyuma robo tatu ya duara. Jozi ya tatu, kijana mmoja akageuka kwa njia ya mkato, upande usio sahihi. Mwenzake, ambaye hadi hapo alikuwa safi kabisa, alimwona kwa pembe ya jicho, akasita, akamfuata. Wakamaliza kata wote wawili wakitazama ukuta usio wao, kwa ujasiri mkubwa.

Watahini tulisimamisha zoezi, tukateta. Wa kwanza amekosea. Wa pili je? Na waliotangulia, tutajuaje nani alijua na nani alichungulia? Sempai wa Arusha ndiye aliyetoa dawa: jozi zibaki, lakini kila mmoja aanze akitazama upande tofauti, mmoja watahini, mwingine mlango. Ukimtazama jirani yako katika mpangilio huo unapotea papo hapo, kwa hiyo hakuna anayetazama. Tukairudisha jozi ya tatu hivyo. Yule wa pili alipita bila doa, wa kwanza aligeuka kule kule. Jozi mbili za mwanzo nazo zikarudia, na mama mmoja alinung'unika kwamba mwanawe anafanyishwa mtihani mara mbili. Ana haki ya kunung'unika.

Mtoto mmoja wa mkanda mweupe aliinama kusalimia, akafungua mdomo kutaja jina la kata, sauti ikagoma. Akasimama tu. Kisha machozi. Sensei hakumsogelea wala hakumbembeleza. Alimwambia akae pembeni, atapita wa mwisho. Alipoitwa tena alitaja jina kwa sauti ya kunong'ona, akapiga kata yote, na kiai ya pili ilisikika hadi nje. Kuanza upya mara moja kumetumika hapo.

Saa 5 wakaingia watu wenye viti vya kupambwa, maputo na spika. Wana kichen pati saa 8, wameambiwa ukumbi uko wazi. Sisi tulilipia hadi saa 7, ila kwa maneno ya simu. Risiti ilikuwa na tarehe tu. Ikabidi tugawane: wao wakaanza kupamba upande wa jukwaa, sisi tukafanya kumite upande wa mlango. Risiti ijayo itaandikwa saa ya kuingia na saa ya kutoka, na tutaipiga picha.

Kosa la ratiba: watoto wa njano kwenda chungwa walikaa sakafuni muda mrefu wakisubiri, wakapoa, na mae geri zao za kumite zilikuwa fupi kuliko za darasani. Mtihani ujao kila rangi itamaliza sehemu zake zote tatu kisha itoke, badala ya rangi zote kusubiriana.

5 Julai. Majibu

Waliofaulu 18. Watoto watatu wamepata utepe. Watu wazima wawili hawakupita na watarudia.

Hatukutangaza majina siku ya mtihani. Kila mtu aliitwa na karatasi yake wiki hii, kabla ya mazoezi, akaonyeshwa vipengele. Aliyekuwa na maswali magumu ni mwendesha bodaboda wa Pasua, mtu mzima, mchapakazi, hajawahi kukosa jioni moja. Kihon na kata vilipita. Gohon kumite ilimshinda. Kila shambulizi likija anarudi nyuma hatua ndefu mno, na ifikapo la tano, anapotakiwa kujibu kwa gyaku zuki (ngumi ya mkono wa nyuma), ngumi yake inaishia hewani, mkono mzima mbali na kifua cha mwenzake. "Lakini hakunigusa hata mara moja," alisema. Ni kweli hakuguswa. Sensei alimsimamisha pale pale, akamshambulia polepole, na kila alipokimbia alimwambia, "Rudi, mzee, nusu ya hapo." Mara ya mwisho ngumi ilifika. Akaitazama karatasi tena, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa jaketi.

Mtu mzima mwingine ambaye hakupita, yule kijana aliyegeuka upande usio wake kwenye Heian Shodan, hakuuliza kitu. Alianza kuizunguka kona ile ukumbini peke yake kabla wengine hawajafika.

26 Julai. Marudio na hesabu

Marudio yalifanyika ndani ya muda wa mazoezi, bila ada, kila mmoja kwa sehemu aliyokwama tu. Wa bodaboda amepita. Yule wa kata alipita ile kona, halafu akasahau shuto uke mbili za mwisho; anasubiri mtihani ujao, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema ni sawa.

Mapato: watoto 160,000, watu wazima 105,000, jumla 265,000.

Matumizi: ukumbi 80,000, nauli na chakula cha mtahini wa Arusha 30,000, vyeti 19 kwa 1,500, jumla 28,500, maji, glukosi na ndizi 21,500, sampuli za mikanda zilizoharibika 18,000, plasta, barafu na dawa ya kupulizia 14,000, mopu na ndoo 12,000, karatasi za alama 9,000. Jumla 213,000. Baki 52,000, imewekwa kwa ajili ya vitambaa vya zambarau. Mikanda 19 imelipiwa na wenyewe.

Mwaka jana, mtahini wa Dar peke yake aligharimu zaidi ya jumla yetu yote. Lakini yeye alikuwa na kitu ambacho sisi hatuna: hakuna aliyemfahamu kiasi cha kumpigia simu usiku kumwombea mtoto. Safari hii simu za namna hiyo zilikuja, na zilikuja kwa sensei. Ndiyo maana mtahini wa nje atabaki, na tutajitahidi asiwe yule yule kila mara.

Mtihani unaofuata tulikuwa tumeuweka katikati ya Desemba. Sensei amekataa, na nadhani ana haki: Desemba Wachaga wote wamerudi nyumbani, kila ukumbi wa Moshi una harusi, bei inapanda, na nusu ya watoto watakuwa migombani kwa babu zao. Umesogezwa hadi Jumamosi, 29 Novemba. Wa bweni watakuwa bado shuleni, hivyo wao watapimwa Januari kabla hawajafungua, darasani kwetu, watahini wawili, bila kukodi ukumbi. Fundi ameshaambiwa, na anatafuta zambarau.